Bima ya kazini: ugonjwa wangu niliwaambia wenye bima, si ofisi nzima

Nina virusi vya homa ya ini aina B. Nilijua kwa njia ya kuchangia damu. Damu ya mchangiaji hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende, nami nikapigiwa simu nirudi kwa ushauri. Tangu hapo nahudhuria kliniki, kila usiku nameza kidonge kimoja cha tenofoviri, na kazi yangu ya karani wa mizani kwenye ghala la korosho hapa Mtwara naendelea nayo vizuri. Mke wangu anajua, naye alipimwa akachanjwa. Daktari anajua. Kazini hakuna aliyekuwa anajua, na sikuona haja, kwa sababu ugonjwa huu hauambukizi kwa kula sahani moja, kupeana mikono wala kubeba gunia alilobeba mwenzako.

Kampuni ilipotangaza kwamba inatukatia bima ya afya ya kikundi, nilifurahi kuliko wengi. Kipimo cha wingi wa virusi na ultrasaundi ya ini nilikuwa nalipa mfukoni, na mshahara wa karani msimu ukiisha kila mmoja anaujua.

Kisha ikaja karatasi.

Ilikuwa jedwali moja lililochapwa ofisini, limebanwa kwenye ubao wa plastiki, kalamu imefungwa kwa kamba. Safu zake: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya NIDA, wategemezi, magonjwa sugu, dawa unazotumia, hali ya VVU, saini. Lilikuwa linatembea meza kwa meza. Liliponifikia lilishajazwa mistari kadhaa, na bila kutaka nikajua nani ana presha, nani ana kisukari, na dada mmoja wa uhasibu alikuwa ameandika habari ya mimba iliyoharibika. Alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu. Nililigeuza lile jedwali kifudifudi, nikalipeleka mwenyewe kwa afisa utumishi badala ya kumpa jirani yangu.

Kwangu mimi tatizo kubwa lilikuwa safu ya dawa. Tenofoviri hutibu homa ya ini B, lakini pia ni mojawapo ya dawa zilizomo kwenye kidonge cha ARV wanachomeza wenye VVU wengi nchini. Anayelijua jina hilo akilisoma mbele ya jina langu hataniuliza mara mbili. Atakuwa ameshanipa ugonjwa ambao sina. Sisemi VVU ni aibu. Nina ndugu anayeishi navyo na ninamheshimu kuliko wengi. Lakini kila mtu ana haki ya kusema habari zake mwenyewe, kwa wakati wake, na mji wetu ni mdogo: linalosemwa asubuhi Chikongola, jioni linajulikana Mikindani.

Afisa utumishi ni dada mstaarabu, na alifanya kama alivyoelekezwa. "Kaka, jaza tu, ni ya bima hiyo. Ijumaa wakala anaitaka."

Nikamjibu, "Dada, wenye bima nitawaambia kila kitu, sifichi hata kimoja. Naomba tu niwaambie wao."

Maneno hayo ndiyo niliyoshikilia mpaka mwisho, na ningependa aliye kwenye hali kama yangu ayashike vilevile. Wenzangu wawili walinishauri niandike "sina" yaishe. Sikukubali. Mkataba wa bima unasimama juu ya ukweli: ukiulizwa ugonjwa ukaficha, siku unalazwa kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa, na utabaki na bili pamoja na jina la mdanganyifu. Kwa hiyo sikugombania kujibu au kutojibu. Niligombania nani asome jibu.

Jioni nilipiga namba ya huduma kwa wateja ya kampuni ya bima. Sikutaja jina. Niliuliza swali moja: je, mnahitaji mwajiri atukusanyie magonjwa yetu? Mama aliyepokea alinieleza kwamba kwa mwajiri wanahitaji orodha ya majina, umri, jinsia na wategemezi ili wapige hesabu ya mchango. Maelezo ya afya yana fomu yake, ya mtu mmoja mmoja, na mfanyakazi anaruhusiwa kuituma kwao moja kwa moja. Ile safu ya magonjwa na ile ya VVU, kumbe, ziliongezwa na ofisi yetu ili kurahisisha kazi.

Usiku huo nikasoma sheria kwenye simu. Ibara ya 16 ya Katiba inatambua haki ya faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka habari za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na inamtaka anayekusanya taarifa akwambie anazitaka za nini na asizitumie kwa jingine. Kuhusu ile safu ya VVU, kuna Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008: haimruhusu mwajiri kukulazimisha upime, na majibu yako ni siri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya VVU, ulemavu au ujauzito. Mimi si mwanasheria. Ila zote zipo kwa Kiswahili au zimefafanuliwa kwa Kiswahili, na anayesoma mkataba wa mkopo wa pikipiki anaweza kuzisoma hizi.

Barua niliyoandika haikufika ukurasa. Kiini chake kilikuwa hiki:

"Naikubali bima na ninashukuru. Niko tayari kutoa taarifa zote za afya yangu kwa kampuni ya bima, kwa fomu yake, ndani ya bahasha iliyofungwa. Naomba jedwali la pamoja lisitumike, na taarifa zilizokwisha kujazwa humo ziharibiwe mbele ya wenyewe. Naomba pia kuelezwa kwa maandishi ni taarifa gani kampuni ya bima itakuwa inairudishia ofisi baada ya sisi kutibiwa."

Sikuandika ugonjwa wangu. Wala sikutishia kwenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi wala mahakamani. Nilitaja sheria mbili kwa majina yake, nikaishia hapo. Nakala moja nikampa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, mzee ambaye amekaa kwenye maghala tangu ujana wake. Aliisoma akiwa amesimama, akaniambia, "Mwanangu, hii si yako peke yako," na siku ya kuitwa tukaingia pamoja.

Meneja alikuwa na hoja mbili, na nitazieleza kwa haki. Ya kwanza: anayelipa ni yeye, basi ajue analipia nini. Katibu akamwambia kuwa analipia watu, na idadi yao anayo. Ya pili ilikuwa nzito zaidi. Ghalani kuna mashine za kuinua mizigo na rundo za magunia. Akiwapo mtu anayeanguka ghafla, je, asijue? Hapo nilikubali kwamba ana haki ya kujua jambo moja, kama mtu anafaa kwa kazi aliyopangiwa. Upimaji wa afya za wafanyakazi chini ya sheria ya OSHA, yaani ya usalama na afya mahali pa kazi, ya mwaka 2003 upo kwa ajili hiyo, na anachohitaji mwajiri kutoka kwa daktari ni neno "anafaa", au "anafaa kwa masharti", masharti yenyewe yakitajwa. Jina la ugonjwa halimsaidii kupanga zamu.

Alinyamaza kidogo, akasema tulete hizo bahasha.

Fomu halisi za bima zilikuja baada ya hapo. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na sentensi: "Natoa idhini kwa hospitali au daktari yeyote kutoa taarifa zangu za matibabu kwa kampuni ya bima na mwajiri wangu." Nilikata kwa kalamu maneno "na mwajiri wangu", nikaweka saini ndogo na tarehe pembeni, nikapiga picha. Kampuni ya bima ilipokea bila neno. Sehemu ya wategemezi sikuijaza kwa niaba ya mke wangu. Nilimpa karatasi yake, akajaza, akafunga bahasha yake. Afya yake ni yake, hata kwangu.

Jibu la maandishi nililoomba lilipatikana kupitia wakala: ofisi inaletewa jumla ya gharama za kikundi kwa kipindi, bila majina na bila magonjwa. Karatasi hiyo nimeitunza. Homa ya ini walinikubalia kwa kipindi cha kusubiri kabla ya kuanza kuigharamia, na kwa kuwa niliitaja tangu mwanzo, kipindi kilipoisha vipimo vyangu vilianza kulipiwa bila ubishi.

Lile jedwali lilichanwa mbele yetu. Yule dada wa uhasibu alikuwepo, akavikusanya vipande vyenye mwandiko wake akaondoka navyo. Lakini lilikuwa limeshapigwa picha na kutumwa kwa wakala kwa WhatsApp. Tuliambiwa picha imefutwa. Imefutwa kwenye simu ngapi, hilo hakuna aliyeweza kutuhakikishia, na mpaka leo linaniuma kwa niaba ya waliokuwa wameshajaza.

Mlango mwingine wa siri kuvuja niliugundua baadaye: karatasi ya ED, ile anayokupa daktari upumzike kwa ugonjwa. Sheria inakupa siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara, na mwajiri anastahili kuletewa cheti cha daktari. Madaktari wengi, kwa mazoea, wanaandika humo jina la ugonjwa, na karatasi inapita kwa mlinzi, kwa msimamizi wa zamu, kisha kwa afisa utumishi. Siku hizi namwomba daktari kabla hajaanza kuandika: "Dokta, naomba uandike tu kwamba nimetibiwa na napumzika mpaka tarehe fulani." Hajakataa hata mmoja. Mmoja aliniambia wagonjwa wangemwomba mapema, angekuwa anaandika hivyo siku zote.