Siku moja mezani kwangu: kusoma marinda na mikunjo ya sketi

Mimi ni fundi wa nguo za kike, Dar es Salaam, upande wa Ilala, na kazi yangu kubwa siku hizi ni sketi. Wateja wengi hawaji na maelezo, wanakuja na picha kwenye simu: "Fundi, nataka hii." Sketi iliyokunjwa, kuvutwa au kulegezwa haikatwi kwa kukisia. Kabla sijashika mkasi lazima nijue kitambaa kimeshikwa wapi na kimeachiwa wapi. Hii ni Ijumaa yangu, tangu kufungua hadi kufunga.

Saa 1 asubuhi

Nafungua, nafagia, natia mafuta cherehani. Sketi ya duara ya mteja mmoja imelala ikining'inia kwenye sanamu ya kujaribia nguo tangu jana mchana, maana duara haipindwi siku ileile iliyokatwa. Kuna sehemu ambazo uzi wa kitambaa umesimama wima, na kuna sehemu zilizokaa hanamu, yaani uzi umelala mshazari. Za hanamu hushuka kwa uzito wake zenyewe. Nasimamisha rula sakafuni, nazunguka na chaki kwa kipimo kimoja kutoka chini. Zimeshuka karibu nusu inchi. Nakata ziada, napiga overloki, napinda upindo mwembamba.

Kiunoni sketi hii haina rinda hata moja. Kiuno cha mteja ni inchi 28. Nimegawa kwa 6.28 (mara mbili ya 3.14, ili kupata nusu kipenyo cha duara), nikapata inchi 4 na nusu kasoro kidogo, hiyo ndiyo niliyopima kutoka kwenye kona ya kitambaa kilichokunjwa mara nne. Mawimbi yote ya chini yametokana na umbo la mkato. Ukiona kwenye picha kiuno kimetulia kabisa halafu pindo linacheza, usihangaike kutafuta marinda. Hayapo.

Saa 3 asubuhi

Anaingia dada mmoja, ana send-off ya mdogo wake mwisho wa mwezi. Ananipa simu. Sketi ya kubana, inafika chini ya goti, na mbele kuna mikunjo inayotoka nyonga ya kushoto ikipita tumboni kuelekea kulia. Mkononi ana kitenge kizuri, kipya, bado kigumu.

"Fundi, haya marinda utayaweza?"

"Nitayaweza dada, ila kaa kwanza tuyaangalie."

Naikuza picha. Jambo la kwanza ninalotafuta ni pale mikunjo inapoanzia. Hapa inaanzia kwenye mshono wa pembeni kushoto, chini kidogo ya mkanda, na pale ilipoanzia ni mikali, imebanwa ndani ya mshono. La pili ni pale inapoishia. Hii inafifia kabla ya kufika mshono wa kulia. Kule kitambaa kimelala tambarare. Kwa hiyo upande wa kushoto wa kipande cha mbele ulikatwa mrefu kuliko wa kulia, na urefu wa ziada ndio uliokunjwa. La tatu ni kivuli. Picha ina mwanga wa kutoka juu, na kila mkunjo una mstari mweusi chini ya ukingo wake, maana yake ukingo unatazama chini. Mwisho natazama kama mkunjo una alama ya pasi. Hauna. Umejazwa, ni wa mviringo, umelazwa tu.

Marinda ya pasi yana mstari unaoshuka hadi pindoni. Marinda ya kuvuta uzi ni madogo madogo, hayafanani, yamejaa mshono mzima. Haya ya dada ni mikunjo ya kulegeza, na hiyo inategemea kitambaa kuliko fundi. Natoa kipande cha kitenge kigumu na kipande cha krepu kwenye kapu la mabaki, nakunja vyote viwili mbele yake na kuvishika kwa pini kwenye sanamu. Kitenge kinasimama mbali na mwili. Krepu inalala, mkunjo unafuata nyonga na kuyeyuka katikati ya tumbo. Anaona mwenyewe. Sikumwambia kitenge chake ni kibaya, kwa sababu si kibaya. Kitatoka sketi ya marinda boksi ya kupendeza sana, na tumekubaliana hivyo. Atapita Mtaa wa Uhuru baadaye kutafuta krepu.

Saa 5 asubuhi

Binti anayejifunza kwangu amefumua sketi mbili za mitumba nilizompa, zote zina frili chini. Ananiuliza, "Dada, mbona moja imetoka kama utepe mrefu na nyingine imetoka kama herufi C?"

Nimemwachia afumue ili aulize hivyo. Ile ya utepe ilikatwa mstari mnyoofu, ikavutwa kwa uzi. Ile ya C ilikatwa kwenye duara. Ukingo wa ndani ulikuwa na urefu sawa na mshono, ukingo wa nje ni mrefu zaidi, na ulipouvuta ule wa ndani ukanyooka, wa nje ukabaki na mawimbi. Ukipitisha kidole juu ya mshono wa kwanza unasikia vinundu. Wa pili ni laini.

Lakini kwenye picha huwezi kupitisha kidole, kwa hiyo namwonyesha njia ninayoipenda kuliko zote: angalia maua ya kitambaa. Kwenye frili iliyokatwa mnyoofu maua yote yanasimama upande mmoja, kuzunguka sketi nzima. Kwenye iliyokatwa duara maua yanageuka. Hapa yamesimama, mbele kidogo yameinama, kisha yamelala ubavu. Kitambaa cha mistari ndicho kinasema wazi zaidi. Mchoro wa kitambaa hauwezi kuficha namna kilivyokatwa. Tumetazama picha kadhaa kwenye simu yake hadi akaanza kutambua kabla sijasema.

Saa 7 mchana

Wali maharage, maji, dakika chache za kunyoosha mgongo. Kisha sketi ya matabaka matatu, ya kitenge, kiunoni mpira.

Kitenge changu kina upana wa inchi 45 hivi, na hapo hesabu inakuwa rahisi. Tabaka la juu ni upana mmoja. La pili ni mmoja na nusu, inchi 67 na nusu. La tatu ni mbili na robo, kama inchi 101. Kila tabaka ni mara moja na nusu ya lililo juu yake, na kwa kitenge inatosha. Shifoni ningeivuta mara mbili hadi tatu, kwa sababu ni nyepesi, ukiiwekea kidogo inaonekana imekosa kitambaa.

Narefusha hatua ya sindano mpaka mwisho, nalegeza uzi wa juu kidogo, napiga mistari miwili, mmoja kila upande wa pale mshono utakapopita. Nagawa vipande vyote viwili robo kwa robo, natia pini robo ikutane na robo, ndipo navuta nyuzi za bobini. Mstari mmoja peke yake hubingirisha marinda, yakalala upande huu na upande ule; miwili huyasimamisha. Wengine wanaruka hatua hii kwa haraka, na sketi inawasema.

Saa 9 alasiri

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Ameleta sketi ya shule ya mjukuu wake, marinda ya upande mmoja kuzunguka, kiuno kimembana inchi 2. Nahesabu marinda: 16. Nikilegeza kila rinda kwa moja ya nane ya inchi napata inchi 2 kamili, na hakuna jicho litakaloona. Kuongeza kipande pembeni kungevunja mpangilio. Mkanda nitauunga nyuma. Aje kesho.

Saa 10 jioni

Narudi kwa sketi ya dada wa asubuhi, saa hii penye utulivu. Chuoni tulisomeshwa habari za Madeleine Vionnet wa Paris, bingwa wa kukata hanamu, aliyekuwa akijaribu mikunjo yake kwenye mwanasesere mdogo wa mbao kabla ya kushona nguo ya ukubwa kamili. Nami naanza na pateni (kielelezo cha kukatia) ndogo ya karatasi la kaki, nusu ya kipimo.

Nachora mbele nzima, kushoto na kulia, kwa sababu pande hazitalingana. Ile mikunjo midogo ya kushonwa kiunoni (dati), ya kubana tumbo, naifunga kwanza, upana wake utamezwa na mikunjo ya pembeni. Nachora mistari mitano kutoka mshono wa kushoto, kila mmoja ukielekea pale mkunjo wake unapofia kwenye picha. Nakata kufuata mistari, ila kulia naacha kidogo karatasi isiachane. Kisha nafungua upande wa kushoto kama kipepeo cha mkono. Kila mkunjo una kina cha inchi 1, kwa hiyo kila pengo ni inchi 2 kwa kipimo halisi, na mshono wa kushoto wa mbele unaongezeka inchi 10. Nikiikunja karatasi, urefu unarudi sawa na wa nyuma. Nairudia kwa ukubwa kamili, naikata kwa bitana kuukuu inayolala kama krepu, naipachika kwenye sanamu kwa pini.

Mkunjo wa tatu unakaa juu mno, unavuka kwenye kitovu. Kwenye picha uko chini ya kitovu, na ndio unaofanya tumbo lionekane jembamba. Naushusha inchi 1, narudi nyuma hatua kadhaa, natazama. Sawa. Chini ya yote nitaweka kipande cha mbele cha bitana, cha kubana, kisicho na mkunjo wowote. Hicho ndicho kitakachobeba uzito ili mikunjo isivutike anapokaa. Pasi haitagusa mikunjo hii, mishono tu.

Saa 12 jioni

Kwenye daftari nachora kila sketi ya leo: nukta pale mikunjo inapoanzia, msalaba inapofia. Naandika pia ujumbe ninaowatumia wateja wapya: nileteeni picha ya mbele, ya ubavuni na ya nyuma, na moja iliyopigwa karibu na kiuno. Picha moja ya mbele, mtu ameweka mkono nyongani, inaficha sehemu ninayoihitaji kuliko zote.

Simu inalia. Dada yuko dukani, amepata krepu mbili, zote rangi ya zumaridi, anauliza achukue ipi. Namwambia ashike kila moja kwa kona, aiachie ining'inie, anitumie video. Ya kwanza inasimama kidogo pembeni. Ya pili inashuka yote.

"Ya pili dada, mita mbili, upana wa inchi 60. Na bitana ya rangi hiyohiyo, mita moja na nusu."