Rudisha Moja, Upewe Moja

Nilipoanza kujitolea kama muuguzi katika timu inayogawa sindano safi kwa watu wanaojidunga heroini upande wa Pangani na Mlango Kubwa jijini Nairobi, tulifuata kanuni niliyoiona kuwa ya haki kabisa: rudisha moja, upewe moja. Asubuhi moja alikuja kijana aliyekuwa amechukua sindano kumi wiki iliyotangulia, naye alikuwa na mbili tu mkononi. Nilimpa mbili, nikaandika mbili daftarini, nikamwita aliyemfuata. Hakubishana nami. Aliporudi majuma kadhaa baadaye, mkono umevimba kwa jipu, alinieleza kwamba zile nane alizitupa mtaroni alipowaona askari, na kwamba mbili nilizompa ziliisha siku ileile, akaanza kutumia ya mwenzake.

Kosa lile lilikuwa langu, nami sijalisahau.

Mtu anayejidunga mara tatu kwa siku anahitaji sindano zaidi ya 1,000 kwa mwaka. Shirika la Afya Duniani liliweka lengo la sindano 200 kwa kila mtu kwa mwaka ifikapo 2020, na 300 ifikapo 2030, na hata hizo 300 hazifikii theluthi ya mahitaji ya mtu kama huyo. Tukimpunguzia tena kwa sababu hakurudisha, tunamwadhibu mtu ambaye tayari tunampa pungufu. Miongozo ya kimataifa inashauri kila mtu apewe kwa kadiri ya mahitaji yake, na urudishaji uhimizwe bila kugeuzwa kuwa sharti.

Tena sheria yetu ya Kenya ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 inalifanya kuwa kosa kupatikana na chombo cha kutumia heroini. Kanuni yetu, kwa hiyo, ilimtaka kijana yule apite mbele ya askari akiwa amebeba mfukoni ushahidi dhidi yake mwenyewe, kisha ikamnyima kinga kwa kuwa aliogopa. Afadhali zaidi ni kazi wanayoifanya waelimishaji rika wetu, ambao wengi wao waliwahi kutumia: huingia maskani wanakojidungia watu alfajiri na kisanduku kigumu cha kutupia sindano, wakaokota zilizotapakaa bila kumuuliza mtu ni za nani.

Kuna jambo ambalo daftari langu halikuweza kulionyesha. Wanawake wengi hawafiki kwenye meza yetu. Wengine wana watoto wachanga, wengine wanaogopa kuonwa na jirani, na wengine hudungwa na wenzi wao, wakawa wa pili kwa sindano ileile. Anayewafikia ni yule rafiki anayechukua za ziada, na rafiki huyo ndiye tuliyemshuku kwamba anaziuza.

Ubora wa huduma uko pia ndani ya pakiti. Virusi vya homa ya ini ya aina C vinaweza kubaki hai ndani ya sindano iliyotumika kwa hadi siku 63, na huambukizwa pia kwa kushirikiana kijiko, maji na pamba ya kuchujia, kwa hiyo sindano peke yake haitoshi. Sindano ambazo ncha yake imeshikamana na bomba, kama zile za insulini, hubakiza damu kidogo sana, nazo ndizo tunazopaswa kuziagiza kwanza, mradi ukubwa wake uwafae wanaozitumia.

Neno teja sitaliandika daftarini wala kulitamka mezani, kwa kuwa nimeona jinsi macho ya mtu yanavyoshuka anapoitwa hivyo na muuguzi. Methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa kama tiba badala ya heroini, hutolewa katika hospitali ya Mathari tangu Desemba 2014, na wengi niliowasindikiza huko walikubali kwenda baada ya miezi ya kusalimiwa vizuri tu.

Siku hizi mtu akija mikono mitupu tunamuuliza anahitaji ngapi hadi Ijumaa ijayo, kisha tunaomba kuona mikono yake. Safu ya zilizorudishwa bado tunaijaza, ila haiamui tena idadi tunayotoa. Wiki iliyopita kijana yule alichukua 31: 21 zake, na kumi za dada mmoja asiyeweza kuja.