Soksi juu ya kifaru

Jumapili, saa nne usiku. Meza inanuka tapentaini na kucha zangu zina udongo mwekundu ambao sabuni imeshindwa kuutoa.

Asubuhi mwanangu wa miaka sita alisimama mlangoni akanitazama napaka rangi, kisha akauliza, "Baba, mbona kifaru huyu hana pembe?" Nikamwambia hapa hatusemi huyu, tunasema hiki. Akaondoka hajaridhika, na haki yake.

Hiki chenyewe ni modeli ya plastiki ya kifaru cha vita, Type 59 ya Kichina, kipimo cha 1/35 (yaani kidogo mara 35 kuliko cha kweli), boksi la kampuni ya Trumpeter ambalo rafiki yangu aliniletea alipokwenda Guangzhou kufuata mzigo wa viatu. Cha kweli kina tani 36, mzinga wa milimita 100 na watu wanne ndani. Changu mwili wake ni sentimita 17, ukiacha mzinga. Nilikitaka hiki kwa sababu JWTZ ilikuwa na vifaru vya aina hii katika vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin. Sherman na Panther, vifaru vya Vita Kuu ya Pili, wenzangu wanavyo tele, wavijenge wao.

Kuunganisha hakuna hadithi ndefu: kukata vipande, msasa, gundi, kusubiri. Kilichonitesa ni mnyororo. Type 59 haina vigurudumu vya juu vya kuubeba, kwa hiyo mnyororo unalala wenyewe juu ya magurudumu matano ya kila upande na kulegea katikati yake. Mimi niliukaza kama mkanda wa cherehani. Kwa mbali unaona kabisa kuna kitu hakiko sawa hata kama hujawahi kuona kifaru. Nikaubandua, nikaulaza upya, nikaubana kwa vijiti vya meno hadi gundi ikakauka.

Halafu nikapuliza vanishi siku ya mvua. Aprili, Dar es Salaam, hewa unaweza kuikamua! Nilijua ni kosa, ila Jumamosi iko moja tu kwa wiki. Kufika jioni kile kichwa kinachobeba mzinga kilikuwa na ukungu mweupe kama mtoto wa jicho. Nikakirudia chote.

Kazi niliyoipenda ni nyuso. Wanajeshi wangu watatu nimewaazima kutoka boksi jingine, na maelekezo ya boksi yanaanza na rangi ya waridi. Nilianza na kahawia iliyoiva niliyoitia tone la buluu, kisha kwenye paji la uso, pua na mashavu nikapandisha kahawia yenye wekundu, mwisho kabisa chungwa kidogo kwa ncha ya brashi. Nyeupe usiiguse. Mara ya kwanza niliitia, na wote watatu wakapauka kama watu waliotoka kuoga wakasahau mafuta. Mtu mzima hapa ana urefu wa sentimita tano, uso wake haufiki ukucha wa kidole changu kidogo, lakini kupauka kunaonekana hadi sebuleni.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kukichakaza. Rangi ya mafuta iliyozimuliwa ikaingia kwenye mikunjo na kuzunguka bolti, michubuko nikaigonga kwa kipande cha sifongo pale ambapo buti za watu hukanyaga wakipanda. Kwa vumbi nilichukua mchanga wa uani. Punje ya milimita moja, ukiizidisha mara 35, ni jiwe la sentimita tatu na nusu. Kifaru changu kikaonekana kimemwagiwa kokoto.

Mjomba alifika Alhamisi kutoka Misenyi, na mkungu wa ndizi, na kopo la kahawa ambalo ndani yake hamkuwa na kahawa. Nilikuwa nimemwomba udongo kwa simu. Alicheka sana siku ile, lakini ameuleta. Niliutwanga kwenye kinu, nikauchekecha kwa soksi ya nailoni ya mke wangu (yeye anajua), nikauchanganya na gundi nyeupe na maji. Chini nikauweka mzito na wenye unyevu, juu nikaufifisha ukawa vumbi tu.

Upande wa kwao Mjomba, kaskazini ya mto, ndio ule Amin aliouvamia mwishoni mwa Oktoba 1978 akatangaza kwamba mpaka mpya ni mto Kagera. Daraja la Kyaka, la kuvukia mto huo, lililipuliwa Novemba. Mjomba alikuwa kijana wa miaka 20, akaingia mgambo, akatembea kwa miguu nyuma ya jeshi kuingia Uganda. Haya huwa anayasema kwa sentensi moja, kama mtu anayetaja shule aliyosoma.

Leo baada ya chakula alivaa miwani, akakizunguka kifaru bila kukigusa.

"Udongo ni wenyewe," akasema. Kisha, "Hawa mbona wamesimama kama wanangoja picha?"

"Wakae wapi, Mjomba?"

Akaonyesha sehemu ya nyuma, juu ya injini. "Hapa. Mvua ilikuwa hainyamazi, mjomba. Chuma cha hapa kilikuwa na joto hata kikizimwa. Ndipo tulipokuwa tunakausha soksi."

Akarudi kwenye kochi akaomba chai.

Nimekata soksi mbili kwenye karatasi ya shashi, kila moja haizidi sentimita, nikazilowesha kwa gundi nikazilaza juu ya vifuniko vya injini, moja imejikunja kidogo. Ni kitu kidogo kuliko vyote kwenye meza hii na jicho linakwenda hapo kwanza. Imebaki mwenye soksi. Niliyemchagua akae kando yake amevaa buti, na buti zimeumbwa pamoja na miguu, kwa hiyo itabidi nizikate kwenye kifundo na kumtengenezea nyayo kwa pati ya kuumbia, vidole vyote kumi. Nyayo zipakwe kahawia nyepesi kuliko juu ya mguu. Kesho nikitoka kazini nitapitia wembe mpya dukani.