Kuingia makumbusho ya Paris bure na pasipoti isiyo ya Ulaya, nilivyofanikiwa

Jamani imekubali, naandika fasta msije mkasumbuka. Nasoma Ujerumani, wikiendi nikaenda Paris, kufika mlangoni tiketi yangu ya bure ikagoma. Nikatoa kitambulisho cha chuo, wapi, nikatoa pasipoti ndo kabisaa. Kilichonipitisha ni kadi ya kibali cha ukaazi, ile yenyewe mkononi, maana kumbe haijalishi we raia wa wapi, cha muhimu unaishi wapi: ukiwa na miaka 18 mpaka 25 na unakaa nchi ya Umoja wa Ulaya, makumbusho ya Louvre na Orsay hulipi. Ila Louvre weka nafasi ya saa ya kuingia mtandaoni mapema hata kama ni bure, foleni ile sio mchezo. Wakacheki tarehe ya kuisha kadi tu, nikapita.