Kichwa kama papai: chukua CD ya CT, siyo filamu tu

Mtoto wa miezi miwili akifikishwa kliniki Uyole au Mafinga na kichwa kirefu, chembamba kama papai, mara nyingi mama huambiwa ni mlalo tu. Papasa kwanza. Mlalo hubonyeza kisogo upande mmoja na kusogeza sikio la upande huo mbele. Ukikuta tuta gumu la mfupa kutoka utosini kwenda kisogoni, shuku kwamba mshono wa kati wa fuvu, yaani maungio ya mifupa yanayopita katikati ya kichwa, umefunga kabla ya wakati. Mishono kufunga mapema humpata takribani mtoto 1 kati ya 2,000 hadi 2,500, na huo wa kati ndio unaoongoza. Fuvu linashindwa kutanuka pembeni, ubongo nao hausubiri.

University College London ni mojawapo ya vyuo vinavyojenga modeli za kompyuta za ukuaji wa fuvu na ubongo, ili mikato ya upasuaji ijaribiwe kwenye skrini kabla ya kisu. Mfupa, mshono na ubongo hutenganishwa kutoka picha za CT (eksirei inayopiga kichwa kipande kwa kipande), kisha hugawanywa vipande vidogo vidogo, kila kimoja na ugumu wake. Kukuza ubongo kuna ujanja: programu hudanganywa kuwa unapata joto, nao unatanuka. Ujazo hupandishwa kidogo kidogo, na kila hatua ukingo wa mshono hugeuzwa mfupa. Mshono ukipewa ugumu kupita kiasi, fuvu linagoma. Ukilegezwa mno, linavimba kama puto. Ubongo nao ukigandishwa kwenye mfupa bila nafasi ya kuteleza, unaburuta fuvu na umbo linapotoka.

Makosa hayo yanarekebishika. CT mbovu haina dawa. Mfupa wa fuvu la kichanga una unene wa milimita 1 hadi 2 hivi, kwa hiyo kwenye picha za CT zenye vipande vya unene wa milimita 5 mshono ulio wazi unaweza kuonekana umeziba. Omba vipande vya milimita 1 au pungufu, mionzi ya kiwango cha mtoto, na mafaili kwenye CD. Filamu ni ya kutundika kwenye taa, kompyuta haiwezi kuijengea kitu. Na mtoto asirudishwe kwenye CT kwa ajili ya modeli peke yake, mionzi si maji.

Kwenye skrini hujaribiwa upana wa mkato, au springi za waya wa milimita 1.0, 1.2 na 1.4 zinazosukuma mfupa pembeni hadi zitolewe miezi kadhaa baadaye. Kipimo ni upana wa kichwa gawanya kwa urefu, zidisha 100. Chini ya 75 ni kichwa chembamba.

Hesabu hiyo kliniki yoyote yenye kalipa, kifaa cha kupima upana, inaiweza. Iandikwe kwenye kadi pamoja na tarehe, kwa sababu upasuaji wa mkato mdogo hufaa zaidi kabla ya miezi 4 hadi 6, wakati mfupa bado unapindika, na kutoka Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800.