Kitufe cha SOS kisichoita tena
Juu ya kioo cha ndani cha gari langu la mwaka 2014, hapa Marekani, kipo kitufe chekundu cha SOS, cha kuomba msaada wa dharura, ambacho taa yake ndogo ya kijani haiwaki tena. Zamani, mifuko ya hewa ilipofumuka katika ajali, modemu ya gari, yaani kifaa kinachoiunganisha na mtandao wa simu, ilipiga simu yenyewe na kumweleza mhudumu mahali lilipo, hata kama dereva amezimia. Modemu hiyo inajua 3G peke yake, yaani mtandao wa simu wa kizazi cha tatu; kampuni ya simu ya AT&T ilipouzima mtandao huo Februari 2022, na kampuni nyingine, Verizon, ikafuata mwishoni mwa mwaka huo, magari mengi yalibaki bubu ilhali injini na breki zake ni nzima kabisa. Baadhi ya watengenezaji walitoa vifaa vya 4G, lakini wa gari langu hakutoa, na jambo hilo linaniuma. Mama ndiye anayeliendesha sasa.