Jani la mwembe na seli za sola zenye matabaka matatu

Jumamosi iliyopita nilipanda juu ya paa la bati la nyumba yetu hapa Ujiji, mama akinishikia ngazi, kwa sababu paneli ya wati 50 ilikuwa haijazi betri. Nikakuta jani pana la mwembe limebandikwa na mvua ya usiku juu ya seli moja kati ya 36. Nilipima mkondo kabla ya kuligusa: haukufika hata ampea moja. Nilipolibandua, ukapanda papo hapo na kupita ampea mbili.

Seli za paneli zimeunganishwa mfululizo, hivyo mkondo unaopita ndani ya zote ni mmoja, na ile iliyofunikwa huzibana 35 zilizobaki. Jambo hilo, ambalo kwetu lililetwa na jani, ndilo wanalopambana nalo wasanifu wa seli zenye matabaka mengi, yaani semikondakta (mada zinazogeuza mwanga kuwa umeme) kadhaa zilizopangwa juu kwa juu na kuunganishwa mfululizo ndani ya seli moja, na kwangu ndilo kiini cha kazi yao.

Sababu ya kupanga matabaka yenyewe inaeleweka upesi. Kila semikondakta ina pengo lake la nishati, yaani nishati ndogo kabisa inayotosha kuzaa umeme ndani yake: fotoni (chembe ya mwanga) iliyo chini ya pengo hilo hupita bila kuzaa umeme, na iliyozidi hupoteza ziada yake kuwa joto. Hesabu iliyoanzishwa na wanafizikia Shockley na Queisser mwaka 1961 huonyesha kwamba seli ya pengo moja, katika jua la kawaida, haigeuzi kuwa umeme zaidi ya takriban asilimia 33 ya nishati ya mwanga. Kwa hiyo katika seli nyingi za satelaiti huwekwa juu galiamu-indiamu-fosfaidi, inayokamata mwanga wa buluu na kijani. Katikati galiamu asenaidi, yenye pengo la elektroni-volti (kipimo cha nishati) 1.4, na chini kabisa jemaniamu, yenye 0.67. Nafasi kati ya atomi zao zinakaribiana sana, ndiyo maana fuwele moja huota vizuri juu ya nyingine.

Ugumu ni kuipatanisha mikondo ya matabaka hayo, maana lenye mkondo mdogo huyabana mengine kama ile seli iliyofunikwa na jani. Jemaniamu hupata mwanga mwingi kuliko inavyohitajika, kwa hiyo si yenye kubana; mvutano uko kati ya matabaka mawili ya juu. La kwanza likiwa nene, hula fotoni ambazo lingeliachia la pili, kwa hiyo wasanifu hulipunguza unene kwa makusudi ili sehemu ya mwanga ipenye. Kwa satelaiti hulipunguza zaidi ya hapo, kwa kuwa mnururisho wa angani huidhuru galiamu asenaidi haraka kuliko tabaka la juu. Tabaka la kati huanza safari likiwa na akiba, ili miaka ikipita mikondo iendelee kukaribiana. Uamuzi huo wa kukubali hasara ya leo kwa ajili ya mwisho wa safari ninauheshimu sana kuliko rekodi yoyote, hata ile ya asilimia 47.6 iliyofikiwa na taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani mwaka 2022, kwa matabaka manne na mwanga uliokusanywa mara 665.

Huku ardhini mwanga wenyewe hubadilika. Jioni, jua linapoinamia milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, miale husafiri mbali zaidi hewani, buluu hutawanywa njiani, nasi hubakiwa na wekundu. Hapo tabaka la juu hupungukiwa na kuyabana ya chini yake, ingawa yenyewe bado yana mwanga. Msanifu lazima achague ni mwanga wa saa ngapi atakaoulinganishia mikondo. Mimi ningechagua wa saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, maana ndipo sehemu kubwa ya umeme wa siku huingia kwenye betri.